Namba ya Hatari ya Moyo kwa Mwenye Kisukari cha Aina ya Kwanza: Imehakikiwa kwa Nani?

Mkazi wa Kirumba mwenye kisukari cha aina ya kwanza, akihudhuria kliniki ya karibu au hospitali ya Bugando, aweza siku moja kuambiwa kuwa hatari yake ya kupata ugonjwa wa moyo katika miaka kumi ijayo ni asilimia kadhaa. Namba hiyo haisomwi katika damu. Hutolewa na modeli, yaani mpango wa hesabu unaoiga mwenendo wa ugonjwa kwa kutumia umri, shinikizo la damu, lehemu, uvutaji wa sigara na mengineyo. Kama mizani ya sokoni, nayo yapaswa kuhakikiwa.

Uhakiki hufanywa kwa kuijaribu modeli juu ya watu ambao haikutengenezwa kutokana nao, na ambao yaliyowapata yanajulikana. Tuseme wenye kisukari 200 wamekadiriwa asilimia 10 kila mmoja. Baada ya miaka kumi twatarajia waliougua moyo wawe wapatao 20. Wakiwa 45, mizani imepunja. Lakini jumla sahihi haitoshi: modeli impayo kila mtu namba ile ile haimwambii daktari ni nani aanziwe dawa mapema.

Modeli nyingi zilianzia mbali na ugonjwa huu. Ile ya Framingham, Marekani, ilitokana na utafiti ulioanza mwaka 1948 kwa wakazi wa kawaida wa mji. Ile ya UKPDS ya Uingereza ilitokana na wagonjwa wa kisukari cha aina ya pili. Zilipojaribiwa huko Pittsburgh kwa watu waliopata aina ya kwanza utotoni, zote mbili zilikadiria hatari chini ya ilivyokuwa. Mwaka 2016 Denmark ilitoa modeli ya aina ya kwanza pekee, iliyojengwa kwa wagonjwa 4,306 na kuhakikiwa kwa wengine 2,119. Hiyo huhesabu pia miaka ya kuishi na kisukari na hali ya figo.

Chati za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2019 zina sehemu ya Afrika Mashariki, jambo jema. Hata hivyo ni za wenye umri wa miaka 40 hadi 74, na huuliza tu kama una kisukari, si cha aina gani wala cha tangu lini. Kijana wa miaka 25 aliyeanza kuchoma insulini akiwa na miaka tisa hayumo.

Kuna jingine. Katika wagonjwa wapya 1,250 waliofuatiliwa Dar es Salaam kuanzia 1981 hadi 1987, waliotegemea insulini na kufariki waliuawa zaidi na sumu ya ketoni na maambukizi. Modeli ya Denmark haiujui mwezi ambao insulini imekosekana dukani.

Kwa hiyo, namba ikiwa ndogo, usipunguze insulini wala kuacha dawa ya shinikizo. Muulize daktari modeli hiyo imehakikiwa kwa watu wa aina gani ya kisukari, wa umri gani na wa nchi gani. Tunza daftari la kliniki lenye mwaka uliogunduliwa, vipimo vya shinikizo na majibu ya protini katika mkojo. Bila hayo hesabu haiwezi kurudiwa.