“Hakuna” na “Sikuvuka”: Jinsi Programu Zinavyoaga

Ukimtuma mtoto kutoka Lubunga avuke Mto Kongo kununua samaki, akarudi mikono mitupu, utamuuliza: samaki hawakuwapo, au hukuvuka? Kikapu ni kitupu vilevile, lakini habari ni mbili tofauti.

Programu za kompyuta nazo huulizwa hivyo. Katika mifumo ya jamii ya Unix, kila programu ikimaliza kazi humwachia aliyeiita namba kati ya 0 na 255. Sifuri maana yake mambo yamekwenda sawa. Namba nyingine hueleza lililotokea. Namba hii haijitokezi yenyewe kwenye skrini. Ili kuiona, andika echo $? mara tu baada ya amri.

Kwetu sisi wanaisimu, mfano mzuri ni grep, programu ya kutafuta maneno katika matini. Ikijibu 0, neno limepatikana. Ikijibu 1, halikupatikana. Ikijibu 2, kuna kosa, kwa mfano faili haikufunguka. Basi 1 ni “hakuna”. 2 ni “sikuvuka”.

Mwaka jana nilikaribia kuandika kwamba umbo “batoto” halimo katika mahojiano niliyorekodi mtaani kwetu. Hesabu ilionyesha sifuri. Nilishtuka, kwa kuwa umbo hilo nalisikia kila siku. Kumbe nilikosea jina la faili, na ujumbe wa kosa nilikuwa nimeuficha mwenyewe. Grep ilijibu 2, lakini matokeo yake niliyapeleka kwa wc, inayohesabu mistari. Amri zikiunganishwa hivyo, Bash kwa kawaida huripoti namba ya amri ya mwisho tu. Wc ilihesabu utupu bila kosa lolote, ikaaga vizuri. Dawa yake ni kuandika kwanza set -o pipefail. Hapo kushindwa kwa amri yoyote katika mnyororo hujulikana.

Namna ya kuondoka nayo ina uzito. Ukikatiza programu kwa Ctrl-C, kwa kawaida Bash huonyesha 130, na programu iliyoandikwa vizuri hupata nafasi ya kufunga faili zake. Ukiiua kwa kill -9, utaona 137: haikupewa nafasi ya kuaga, na maandishi ambayo bado hayajatoka kwenye kumbukumbu yake hupotea.

Kusema umbo fulani halipo katika lugha ya watu ni dai zito. Kabla ya kuliandika, tuhakikishe kwamba mjumbe wetu alivuka.