DNA ilivyofichua kipindupindu cha Haiti kilikotoka

Oktoba 2010, miezi tisa tu baada ya tetemeko kubwa la ardhi, watu wa Haiti walianza kufa kwa kuharisha. Ilikuwa kipindupindu, ugonjwa ambao haukuwa umeripotiwa nchini humo kwa karibu miaka 100. Sasa umetoka wapi?

Wananchi waliinyooshea kidole kambi ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa kutoka Nepal, iliyokuwa kando ya kijito kinachoingia Mto Artibonite. Umoja wa Mataifa ukakana. Ikabidi waulizwe bakteria wenyewe.

Kipimo cha kawaida kinakwambia hiki ni kipindupindu, basi. Ukoo hakikwambii. Ndiyo maana maabara zilianza na njia ya zamani kidogo: DNA ya bakteria inakatwa kwa kimeng'enya kinachokata sehemu maalumu tu, kisha vipande vinawekwa kwenye jeli na kupitishiwa umeme. Vidogo vinakimbia mbele, vikubwa vinabaki nyuma. Mwisho unapata mistari, kama ile myeusi kwenye bidhaa za supamaketi. Mistari ikifanana, huenda bakteria hao ni ndugu.

Ya Haiti ilifanana na ya Asia Kusini. Lakini Asia Kusini ni kubwa, na jeli haioni mabadiliko madogo.

Mwaka 2011 watafiti wakasoma DNA yote, karibu herufi milioni nne, ya sampuli 24 za Nepal, wakazilinganisha na za Haiti. Bakteria wanapozaliana, mara chache herufi moja hukosewa, na kosa hilo hurithiwa na vizazi vinavyofuata. Tofauti zikiwa chache, maana yake wameachana juzijuzi tu. Kumbe baadhi ya sampuli za Nepal zilitofautiana na za Haiti kwa herufi moja au mbili!

Hata hivyo DNA inaonyesha undugu, haionyeshi kinyesi kilifikaje mtoni. Hilo lilitafutwa kwa miguu: kukagua mabomba ya vyoo vya kambi, ambayo yalikuwa yameungwa ovyo, na kuangalia tarehe ambazo askari waliwasili. Ilikuwa Oktoba hiyohiyo.

Desemba 2016, Katibu Mkuu Ban Ki-moon aliwaomba radhi Wahaiti. Karibu watu 10,000 walikufa katika mlipuko huo. Kesi ya fidia iliyofunguliwa New York ilikuwa imeshatupwa, kwa sababu Umoja wa Mataifa una kinga ya kutoshtakiwa.