Anayetoboa maharagwe yako alikuwa shambani kabla yako

UMEKODI robo ekari, umenunua mbegu ya maharagwe kwa pesa za jasho, mvua ya masika imeanza na mimea imechipuka vizuri. Wiki ya pili unarudi shambani na kukuta majani yana matundu ya mviringo, kana kwamba mtu alipita akiyadunga kwa msumari. Kwenye mimea mingine jani lote limekwisha, imebaki mishipa tu.

Wengi wenu hapo mnakimbilia duka la agrovet, mnaeleza kwa mdomo kwamba "kuna mdudu anakula majani", kisha mnatoka na chupa ya dawa. Ngoja kwanza. Kabla pesa hazijatoka mfukoni, inama umtazame huyo mdudu. Mwili wake utakuambia yeye ni nani, ametoka wapi na, muhimu zaidi, ni wakati gani unaweza kumshinda bila gharama kubwa.

Ni nani huyu?

Ukimkuta akitafuna maharagwe machanga punde tu baada ya mvua kuanza, mshukiwa wa kwanza ni mbawakawa wa majani ya maharagwe. Wanasayansi humwita Ootheca bennigseni, jina alilopewa mwaka 1900 na Julius Weise, Mjerumani aliyebobea katika kuainisha mbawakawa. Ni wa familia ya Chrysomelidae, yaani mbawakawa wala majani, ambayo ina zaidi ya spishi 30,000 duniani. Ana ndugu wa karibu, Ootheca mutabilis, ambaye anapenda sana kunde na anaweza kubeba virusi vinavyoacha mabaka ya kijani na manjano kwenye majani ya zao hilo.

Sasa mchukue mmoja, mweke kwenye chupa ya plastiki, umwangalie vizuri.

Ni mdogo, urefu wake ni milimita 6 hivi. Hata punje ya maharagwe inamzidi. Ana umbo la yai na mgongo unaong'aa utadhani umepakwa mafuta. Rangi isikudanganye: wengi ni wa rangi ya machungwa au kahawia hafifu, lakini wapo weusi na wapo wa kahawia iliyokolea. Usidhani umevamiwa na wadudu watatu tofauti.

Kama wadudu wote, mwili wake umegawanyika sehemu tatu: kichwa, kifua na tumbo. Ana miguu sita. Anza na kichwa. Utaona vipapasio viwili virefu, vyembamba kama uzi. Hapo ndipo watu wengi hukosea, kwa sababu humchanganya na yule mdudu wa mviringo, mara nyingi mwekundu mwenye madoa meusi, anayekula vidukari. Huyo mwenye madoa ana vipapasio vifupi ambavyo ncha zake zimevimba kidogo, na ni rafiki yako. Ukimuua, umewafungulia vidukari mlango.

Chini ya vipapasio kuna taya. Taya zake hazifungui juu na chini kama zako, hukutana kutoka pembeni kama makali ya mkasi. Hukata sehemu laini ya jani iliyo kati ya mishipa, ndiyo maana unaona matundu na si jani lililojikunja. Jani likijikunja na kunata bila tundu lolote, wa kulaumiwa ni vidukari, kwa kuwa wao hufyonza utomvu.

Kifua ndicho hubeba miguu na mabawa. Mabawa ya mbele yamegeuka kuwa ngao mbili ngumu zinazokutana katikati ya mgongo kwa mstari ulionyooka. Chini ya ngao hizo kuna mabawa mengine, mepesi na yaliyokunjwa, ambayo ndiyo ya kurukia. Kwa hivyo usishangae akitoka shamba la jirani akaja kwako. Miguuni ana nyayo zenye vinywele vidogo mno vinavyoshika jani, ndiyo sababu anatembea hata upande wa chini bila kuanguka.

Tumbo limefichwa chini ya zile ngao. Kwa jike, humo ndimo mayai yanakokomaa. Na mayai hayo ndiyo kiini cha shida yako, maana hayatagwi kwenye jani unalopulizia dawa.

Maisha yake ya chini

Jike akishakula na kupandwa, hushuka na kutaga mayai kwenye udongo karibu na shina. Ni mayai ya manjano hafifu, yaliyokusanywa pamoja kwa makumi, na jike mmoja anaweza kutaga mamia katika maisha yake. Baada ya takribani wiki mbili mabuu huanguliwa. Hawa ni weupe wenye umanjano kidogo, na hawapandi juu kamwe. Chakula chao ni mizizi ya maharagwe pamoja na vile vinundu vya mizizini ambavyo huuletea mmea naitrojeni kutoka hewani.

Umeona mchezo ulivyo? Mzazi anakula juu, watoto wanakula chini. Wewe unapiga dawa majani, mbawakawa wanapungua, unasema mambo ni poa. Wiki chache baadaye maharagwe yanageuka manjano, yanakauka kabla ya wakati, na ukifungua ganda unakuta halina kitu. Unalaumu udongo, unalaumu mbegu, unalaumu hata mvua. Kumbe mabuu wamekuwa wakila mizizi siku zote hizo.

Buu akishiba hujitengenezea chumba kidogo kwenye udongo na kugeuka mbawakawa humo humo. Lakini hatoki. Hulala pale wakati wote wa kiangazi, bila kula, akisubiri mvua ilainishe udongo. Mvua ikinyesha, anaibuka na kukuta umemwandalia mimea michanga. Kwa kawaida huwa na kizazi kimoja tu kwa mwaka.

Maana yake ni kwamba mdudu unayemwona wiki ya pili alikuwa tayari shambani siku unapanda. Huenda alikuwapo tangu maharagwe yaliyotangulia yalipovunwa.

Anapatikana wapi?

Mbawakawa wa jenasi ya Ootheca ni wa Afrika kusini mwa Sahara. Bennigseni anajulikana zaidi katika ukanda wetu wa mashariki, hasa Tanzania, ambako amewasumbua wakulima wa maharagwe kwa miaka mingi, na pia hapa Kenya. Mutabilis ameenea zaidi, kuanzia Afrika Mashariki hadi Nigeria upande wa magharibi.

Maharagwe yenyewe, kwa upande mwingine, ni mgeni. Asili yake ni Amerika, na yalifika kwetu baada ya Wareno kuanza kusafiri kwenye pwani hizi. Kunde ndizo za Afrika. Kwa hivyo mdudu huyu ni mwenyeji aliyezoea mimea jamii ya kunde tangu zamani. Sisi ndio tuliomletea chakula kipya, na tukakipanda msimu baada ya msimu mahali pale pale.

Ufanye nini?

Kwanza, maliza kazi baada ya kuvuna. Usiliache shamba likae tu hadi mvua ijayo. Lilime mara moja uwafukue mbawakawa waliolala, jua liwakaushe na kuku na ndege wajipatie chakula. Kazi hiyo inahitaji jembe na nguvu zako tu.

Pili, badilisha zao. Msimu unaofuata panda mahindi, alizeti au viazi. Usitoe maharagwe ukaweka kunde, ndengu au soya ukidhani umebadilisha, kwa sababu mabuu hawataona tofauti.

Tatu, ongea na majirani. Wewe ukilima na jirani asilime, wa kwake watakurukia. Kundi la vijana watano wenye mashamba yanayopakana likikubaliana kulima wiki moja, litafanya kazi kubwa kuliko chupa tano za dawa.

Nne, kagua mapema. Siku mimea inapochipuka, pita mistarini kila asubuhi. Kwenye shamba dogo unaweza kuwaokota kwa mkono na kuwatumbukiza kwenye maji ya sabuni. Wapo wakulima wanaotumia maji ya mwarobaini. Kuchelewesha kupanda pia husaidia kukwepa wakati ambapo wengi wao wanaibuka, ila kama mvua ya kwenu ni fupi, utakuwa umekimbia mdudu ukaangukia ukame.

Dawa ya dukani iwe ya mwisho. Hata hapo, nenda na mdudu ndani ya chupa au picha yake kwenye simu, umwonyeshe afisa wa kilimo kabla hujalipa. Soma maandishi ya kwenye kibandiko, vaa glavu na barakoa, na usipige dawa maua yakiwa wazi, nyuki wako kazini.

Na kama uko shuleni na somo la Biolojia linakuchosha, huyu mbawakawa ni mwalimu wa bure. Kule Kasarani, Nairobi, iko taasisi ya ICIPE iliyoanzishwa mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, Mkenya aliyeamini kuwa Waafrika wanaweza kuongoza utafiti wa wadudu wao wenyewe. Kuna watu wanaolipwa mshahara kwa kuchungulia wadudu wa aina hii.

Kwa sasa, kama maharagwe yako yako karibu kuvunwa, weka jembe tayari. Ukishabeba gunia la mwisho, rudi shambani wiki hiyo hiyo.