Kuweka Linux kwenye Patisheni ya Kompyuta ya Zamani

Patisheni ni kipande cha diski ambacho mfumo endeshi hukitendea kama diski inayojitegemea. Mfumo unaofanana na Unix, kama Linux, unaweza kuwekwa kwenye kipande chake bila kufuta Windows iliyopo kwenye kipande kingine. Wanafunzi wengi hukariri hilo na kuishia hapo. Kinachowashinda ni jedwali la patisheni, na hapo ndipo kumbukumbu za watu hupotea.

Tuchukue mfano. Chama cha msingi cha ushirika (AMCOS) cha wakulima wa pamba wilayani Bariadi kina kompyuta mpakato ya zamani yenye RAM ya GB 2, diski ya GB 160 na Windows 7. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 7 Januari 2020, na Windows 11 inataka RAM isiyopungua GB 4. Debian 12, ambayo ni aina mojawapo ya Linux, inatosheka na GB 2. Lakini uzani wa pamba ya kila mkulima umo katika programu inayofanya kazi kwenye Windows, kwa hiyo Windows haiwezi kufutwa.

Diski za kompyuta za umri huo kwa kawaida hutumia mpangilio uitwao MBR. Sekta ya kwanza ya diski ina baiti 512: baiti 446 ni za programu ya kuwashia, 64 ni za jedwali la patisheni na 2 ni alama ya mwisho. Kila patisheni huandikwa kwa baiti 16. Gawa 64 kwa 16, utapata nafasi nne tu.

Baadhi ya kompyuta za enzi ya Windows 7 zilitoka kiwandani nafasi zote nne zikiwa zimejaa: patisheni ya kuwashia, C, ya kurejesha mfumo na ya zana za kiwanda. Fundi akipunguza C kutoka GB 140 hadi 90, GB 50 zinabaki wazi lakini hazitumiki. Ni kama shamba lililokwisha kupimwa ilhali daftari la kuandikia viwanja halina ukurasa. Windows ikipendekeza kuigeuza diski iwe ya mpangilio wake maalumu, kataa, maana Linux inaweza kushindwa kuwekwa hapo.

Njia ni kunakili patisheni ya zana kwenye flashi, kuifuta, kisha kutumia nafasi yake katika jedwali kuunda patisheni panuzi kwenye zile GB 50. Patisheni panuzi hubeba nyingine ndani yake: GB 46 za Linux na GB 4 za kuisaidia RAM. Linux hukubali kuwashwa ikiwa huko ndani.

Kabla ya yote hayo, nakili daftari la uzani kwenye flashi na uifungue flashi hiyo katika kompyuta nyingine kuhakikisha inasomeka. Umeme ukikatika wakati C inapunguzwa, mafaili yanayohamishwa yanaweza kuharibika, na betri ya kompyuta ya zamani mara nyingi haidumu hata dakika tano. Ukishapunguza C, izime Windows kabisa, usiilaze.

Kisakinishi kitakapouliza mahali pa kuweka Linux, chagua kugawa diski kwa mkono. Chaguo la kutumia diski nzima hufuta kila kitu, pamoja na uzani wa pamba. Mwishoni programu ya GRUB huandikwa mwanzoni mwa diski, na kompyuta ikiwashwa itakuuliza unataka Linux au Windows.

Swali la kujipima: Diski ya MBR ina patisheni tatu za msingi na GB 50 zilizo wazi. Juma anahitaji patisheni mbili za Linux. Afanyeje?

Jibu: Aunde ya nne iwe panuzi, kisha aunde mbili ndani yake. Akiifanya ya nne kuwa ya msingi, jedwali litajaa na ya pili haitawezekana, hata kama GB zimebaki.