Mkataba Usio na Fungu

Mwaka 2015 uchumi wa jimbo la Illinois, ambamo limo jiji la Chicago, ulikuwa mkubwa mara kadhaa kuliko uchumi wa nchi zote za Jumuiya ya Afrika Mashariki ukizijumlisha. Jimbo hilo lilikuwa limesaini mikataba na mamia ya mashirika yasiyo ya faida yanayotoa huduma za jamii: kulea watoto waliotelekezwa, kuwahifadhi wanawake waliokimbia vipigo, kuwatibu waraibu wa dawa za kulevya, kuwapelekea chakula wazee wasioweza kutoka nje. Kazi ikafanyika, ankara zikapelekwa. Kisha kwa miaka miwili na ushei fedha zikawa ama hazitoki kabisa, ama zinatoka kwa matone.

Wengi wakisikia kisa hiki hudhani Illinois ilifilisika. Haikufilisika. Kodi iliendelea kukusanywa kila siku na hazina ilikuwa na kitu. Kilichokosekana ni karatasi moja, ile ambayo wakurugenzi wengi wa asasi huwa hawaiulizii siku ya kusaini mkataba na serikali, maana siku hiyo kila mtu ana furaha na wapiga picha wameshaitwa. Karatasi hiyo ni sheria inayotenga fungu la kulipia mkataba.

Katika majimbo ya Marekani, sheria inayosema kutakuwa na huduma fulani ni kitu kimoja, na sheria inayosema zichukuliwe dola kadhaa za kuigharamia ni kitu kingine. Ya kwanza hudumu miaka. Ya pili, kwa Illinois, hufa kila mwaka wa fedha unapokwisha, na mwaka wa fedha wa huko, sawa na wa Tanzania na Kenya, huanza Julai 1. Katiba ya Illinois ya mwaka 1970 inataka matumizi ya fedha za umma yaidhinishwe na Bunge la jimbo kwa sheria. Ndiyo maana mkataba wa jimbo na shirika, hata uwe na kurasa mia, huwa na kifungu kinachosema malipo yatategemea fedha zitakazoidhinishwa. Watu hukipitia haraka kama wanavyopitia masharti ya laini ya simu. Kwa maoni yangu, kifungu hicho ndicho mkataba wenyewe. Kurasa nyingine ni maelezo.

Januari 2015 mambo mawili yalitokea karibu kwa pamoja. Kiwango cha muda cha kodi ya mapato, asilimia 5, kilifikia ukomo wake na kushuka hadi asilimia 3.75, bajeti ikabaki na tundu la mabilioni ya dola. Na Bruce Rauner wa chama cha Republican, tajiri wa kampuni za uwekezaji, akaapishwa kuwa gavana huku Bunge likiwa mikononi mwa Democrats, chini ya Spika Michael Madigan, mkongwe aliyekalia kiti hicho karibu mfululizo tangu 1983. Rauner alisema hakubali kodi kuongezwa mpaka apate kwanza mageuzi yake: kupunguza nguvu za vyama vya wafanyakazi, kuweka ukomo wa vipindi vya wabunge, kuzuia kodi ya majengo isipande. Madigan akajibu kwamba hayo si mambo ya bajeti. Juni gavana akasaini fungu la shule za msingi na sekondari, akayapigia kura ya turufu karibu mafungu mengine yote.

Angalia alichosaini. Shule zikifungwa, kila mzazi atampigia simu mbunge wake kabla ya saa nne asubuhi. Makao ya wanawake waliopigwa yakifungwa, nani atapiga simu? Mwanamke mwenyewe anajificha. Sitasema gavana alikaa akapiga hesabu hiyo, maana sikuwa kichwani mwake, lakini pande zote mbili zilijua kwamba fungu la shule likishapita wanaweza kuvutana kwa muda mrefu bila barabara kujaa watu.

Nguvu ya Mei 31 nayo inahitaji kuelezwa, kwa sababu wageni wa siasa za Illinois huikosa. Mpaka usiku wa tarehe hiyo, muswada hupita kwa wingi wa kawaida wa kura. Ukishavuka, muswada unaotaka kuanza kutumika mara moja unahitaji tatu ya tano ya wabunge wa kila baraza, kiwango kile kile kinachohitajika kutengua kura ya turufu. Kwa hiyo Mei ilipopita bila bajeti, suluhu ikawa ngumu zaidi.

Kulikuwa na waliolipwa. Mahakama ziliamuru watumishi wa jimbo waendelee kupata mishahara. Huduma zilizolindwa na amri za mahakama za miaka ya nyuma, kama zile za watoto walio chini ya ulezi wa jimbo na za watu wenye ulemavu wa akili, nazo ziliendelea kupata fedha. Matokeo yake yalikuwa ya ajabu: aliyewahi kuliburuta jimbo mahakamani na kushinda alilipwa, na aliyekuwa akielewana nalo vizuri kwa miaka 20 akaambiwa asubiri.

Familia za kipato cha chini hazikusubiri bajeti ili kuumia. Julai 2015 serikali ya jimbo ilibana ghafla ruzuku ya malezi ya watoto mchana. Waombaji wapya, ukiacha makundi machache, walitakiwa wawe na kipato kisichozidi nusu ya mstari wa umaskini wa taifa. Tufanye hesabu. Kwa mama mwenye mtoto mmoja, nusu hiyo ilikuwa kama dola 8,000 kwa mwaka. Kima cha chini cha mshahara Illinois kilikuwa dola 8.25 kwa saa, na aliyefanya kazi saa 40 kila wiki, mwaka mzima bila likizo, alipata dola 17,160. Basi mama aliyefanya kazi ya mshahara wa chini kabisa unaoruhusiwa na sheria alihesabiwa ana kipato kikubwa mno, na aliyefanya kazi chini ya nusu ya saa hizo ndiye aliyestahili ruzuku ya kumwezesha kwenda kazini. Novemba kanuni hiyo ililegezwa.

Januari 2016 Lutheran Social Services of Illinois, shirika lililoanzishwa 1867, lilitangaza kufunga programu zaidi ya 30 na kuondoa wafanyakazi zaidi ya 750, yaani asilimia 43 ya watu wake. Jimbo lilikuwa linadaiwa na shirika hilo zaidi ya dola milioni 6. Msomaji wa kawaida atauliza: shirika la miaka karibu 150 linaangushwaje na miezi saba?

Hapa ndipo penye ufundi. Mikataba mingi ya serikali hulipa baada ya kazi. Shirika linaajiri, linalipa pango, linanunua dawa, kisha mwisho wa mwezi linapeleka ankara. Kwa muda wote huo shirika ndilo linaloikopesha serikali. Biashara ya kawaida ingeweka gharama ya mkopo huo ndani ya bei yake, lakini shirika la huduma haliruhusiwi kupanga bei. Viwango vinapangwa na mnunuzi. Hata gharama za ofisi, zile za mhasibu, umeme na kompyuta, hubanwa. Kanuni za ruzuku za serikali ya shirikisho zilizoanza kutumika mwishoni mwa 2014 ziliruhusu shirika lisilo na kiwango kilichojadiliwa kudai asilimia 10 tu kwa ajili hiyo, ikapandishwa hadi 15 mwaka 2024. Kwa fedha hizo hujengi akiba ya miezi saba. Unakwenda benki kukopa ukiweka rehani madai yako kwa jimbo. Benki inakupa mara ya kwanza, na mara ya pili inauliza madai yenyewe yana umri gani.

Sheria ya Illinois inasema ankara ikipita siku 90 bila kulipwa, jimbo linaongeza riba ya asilimia 1 kwa mwezi. Inasikika kama kinga. Lakini riba yenyewe huja baada ya deni, wakati mshahara wa mlezi wa usiku unatakiwa Ijumaa. Walionufaika nayo hasa ni wenye mitaji. Chini ya mpango ulioruhusiwa na jimbo, kampuni za fedha zilinunua ankara za wazabuni, zikawapa asilimia 90 papo hapo, asilimia 10 iliyobaki jimbo likilipa, na riba ya ucheleweshaji ikabaki kwa mnunuzi. Riba ya mvutano ule ilipita dola bilioni 1, fedha za walipa kodi ambazo hazikununua hata sahani moja ya chakula.

Mei 2016 mashirika zaidi ya 60, yakiungana kwa jina la Pay Now Illinois, yalifungua kesi: tuna mikataba, tumefanya kazi, tulipeni. Agosti kesi ilitupwa, na Juni 2017 mahakama ya rufaa ikakubaliana na uamuzi huo. Hoja yake ni ile ile ya kifungu tulichokitaja: hakuna fungu lililoidhinishwa, na jaji hana mamlaka ya kutenga fedha badala ya Bunge. Kisheria sioni kama majaji walikosea. Nadhani ndiyo sababu hukumu ile inatisha zaidi.

Mvutano uliisha Julai 6, 2017. Siku hiyo jengo la Bunge mjini Springfield lilifungwa kwa saa kadhaa kwa sababu ya unga uliorushwa na mtu karibu na ofisi ya gavana, kisha Baraza la Wawakilishi likatengua kura ya turufu ya gavana dhidi ya nyongeza ya kodi, kwa kura 71 dhidi ya 42. Zilihitajika 71. Kodi ya mapato ikapanda hadi asilimia 4.95. Malimbikizo ya ankara baadaye mwaka huo yalipita dola bilioni 16, na jimbo likauza hati fungani za dola bilioni 6 kuyapunguza. Ilibidi pia itungwe sheria, nayo ikapita kwa kutengua turufu nyingine, ya kuzitaka idara ziripoti kila mwezi ankara zilizolala kwao. Kabla ya hapo ripoti hiyo ilikuwa ya mara moja kwa mwaka.

Chicago ilikuwa na sababu ya kujua mapema. Hull House, iliyoanzishwa 1889 na Jane Addams, aliyekuja kupata Nobeli ya Amani 1931, ilianza kwa michango ya matajiri na watu wa kujitolea. Shirika lililorithi jina lake liliishia kutegemea serikali kwa sehemu kubwa mno ya mapato yake, na Januari 2012 lilifunga milango ghafla. Hapakuwa na mvutano wa bajeti siku hizo; malipo hayakulingana na gharama, basi.

Haya yanawagusa wasemaji wa Kiswahili moja kwa moja. Miji ya Rock Island na Moline, magharibi mwa Illinois, ina wakimbizi wengi kutoka Kongo na Burundi, na Chicago pia. Mashirika ya aina hii ndiyo yaliyowapokea uwanja wa ndege na kuwatafutia nyumba, na baadhi ya wakimbizi hao hupata ajira kwa kuhudumia wazee majumbani, kazi ambayo mara nyingi hulipiwa na bajeti ya jimbo.

Presha inaongezeka kutoka Washington. Sheria iliyosainiwa Julai 4, 2025 inayaongezea majimbo sehemu yao ya gharama za kuendesha msaada wa chakula, kutoka asilimia 50 hadi 75, kuanzia Oktoba 2026. Mwaka mmoja baadaye, majimbo yenye makosa mengi ya malipo yataanza kubeba hadi asilimia 15 ya msaada wenyewe. Majimbo karibu yote yanabanwa na sheria zao yasipange bajeti yenye nakisi, kwa hiyo fedha hizo zitatafutwa kwenye mafungu mengine, na mafungu yasiyo na mtu wa kupiga simu ndiyo huguswa kwanza.

Kama unakaa kwenye bodi ya asasi yenye mkataba na serikali, ya huko au ya huku, kikao kijacho muulize mhasibu swali moja: tunaweza kulipa mishahara kwa siku ngapi serikali isipotulipa hata senti? Akikosa namba, ahirisheni kusaini mpaka ailete.