Mgunga wa Mkwaja na Historia ya Malisho

Anayetoka Pangani kuelekea kusini, upande wa Mkwaja na Hifadhi ya Taifa ya Saadani, hupita penye vichaka vya miiba ambavyo msimu wa maua hujaa vijipira vya njano. Huo ndio mgunga wa pwani, Vachellia zanzibarica. Jina la kitaalamu linaitaja Zanzibar, lakini mmea huu umeenea ukanda wa bara, kutoka Somalia na Kenya hadi Tanzania. Hupenda udongo mweusi wa mbuga, ule unaotuamisha maji masika na kupasuka nyufa kiangazi.

Tuanze na ua. Kijipira kimoja ni mkusanyiko wa maua mengi madogo yaliyobanana juu ya kikonyo kimoja. Petali ni ndogo mno kiasi kwamba hazionekani kirahisi. Njano yote ile hutokana na stameni, vijiuzi vinavyobeba chavua. Maua yaliyochavushwa hutoa maganda membamba yenye mbegu, kwa kuwa mgunga ni wa jamii ya kunde.

Miiba hukaa miwili miwili pale jani linapoungana na tawi. Kiasili ni stipuli, yaani vijani vidogo vya chini ya kikonyo cha jani, vilivyogeuka kuwa miiba migumu. Baadhi ya jozi hutuna kwenye kitako na kuwa na uwazi ndani. Uvimbe huo hutengenezwa na mmea wenyewe, kisha sisimizi, wakiwemo wa jenasi Crematogaster, hutoboa tundu na kuhamia humo. Gusa tawi uone wanavyotoka kulilinda. Upepo ukipita kwenye matundu hayo, miiba hupiga mluzi.

Mmea unaochanganywa nao ni mkulagembe. Huo, mwiba wake ni ncha ya kitawi iliyokomaa, nao hukaa peke yake. Ua lake linaning'inia, nusu waridi na nusu njano. Mwingine ni mwati wa milima ya Usambara, uliotoka Australia na kupandwa kwa ajili ya magome ya kutengenezea ngozi, kuni na mbao. Mwati hauna miiba kabisa. Kwa muda mrefu mwati na mgunga vilikuwa katika jenasi moja ya Acacia. Mkutano wa kimataifa wa wataalamu wa mimea uliofanyika Vienna mwaka 2005 uliliacha jina hilo kwa kundi la Australia, na migunga ya Afrika ikagawanywa kati ya Vachellia na Senegalia.

Jambo kubwa zaidi kuhusu mgunga huu limeandikwa ardhini Mkwaja. Eneo hilo lilikuwa ranchi ya ng'ombe kwa zaidi ya miongo minne, hadi mwaka 2000, kabla ya kuingizwa katika hifadhi. Watafiti waliochunguza uoto baada ya ng'ombe kuondoka walikuta vichaka, mgunga ukiwamo, vimesongamana zaidi katika maeneo yaliyolishwa sana kuzunguka mazizi. Mantiki yake ni rahisi kufuata. Ng'ombe wengi humaliza nyasi. Nyasi zikipungua, moto hukosa cha kuunguza, na miche iliyokuwa ikiteketea kila kiangazi hupata nafasi ya kukua. Tena mgunga una vinundu mizizini vyenye bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani, basi hata udongo ukichoka, wenyewe hauhangaiki kama nyasi.

Kwa hiyo mfugaji anayeona mgunga ukijaa malishoni asiuhesabu kuwa mvamizi kutoka mbali. Umekuwepo hapa siku zote, ukizuiwa na nyasi na moto. Panga pekee halitoshi: ng'ombe wasipopunguzwa ili nyasi zirudi, miche mipya itaendelea kuota palipofyekwa.