Jaribuni bunduki kwanza: karatasi peke yake haitoshi

Ninyi wakulima wa vijiji vilivyo kando ya machimbo ya Katanga, mwajua taabu ya nguruwe wa pori. Mwalima mahindi na mihogo miezi mingi, kisha kundi moja la nguruwe laharibu shamba kwa usiku mmoja. Ikiwa katika kijiji chenu yuko mlinzi wa mashamba mwenye bunduki na barua ya ruhusa ya serikali, maneno haya ni yake, na ya wote wanaokula kwa kazi yake.

Risasi ni ghali. Kwa hiyo watu husema: «Kwa nini tuzitupe kwa kupiga ubao? Karatasi ya hesabu imekwisha kutuambia risasi inakwenda wapi.» Sikieni kwa nini maneno haya si mazuri.

KARATASI YASEMA NINI

Mwenye kutengeneza risasi huandika uzito wake, mwendo wake, na jinsi inavyoanguka njiani. Tutwae risasi ya 9,3 × 62, ambayo Otto Bock wa Berlin aliifanya mwaka 1905 kwa wawindaji wa Afrika. Risasi yake ya gramu 18,5 hutoka katika kasiba kwa mwendo wa karibu meta 720 kwa sekunde. Hufika meta 100 kwa muda wa sehemu moja ya saba ya sekunde. Hata hivyo imekwisha kuanguka karibu sentimeta 10, kwa maana kila kitu kisichoshikwa huanguka, risasi sawasawa na jiwe. Ndiyo sababu kasiba hutazama juu kidogo kuliko jicho. Bunduki iliyowekwa sawa kwa meta 100, ikipigwa kwa meta 200, hupiga chini kadiri ya sentimeta 20.

Hesabu hizi ni za kweli, na ni vizuri kuzijua.

KARATASI HAIJUI NINI

Karatasi haijaiona bunduki yako. Hesabu zake zilipimwa kwa kasiba ya kiwandani, na kasiba yako labda ni fupi au imelika. Haijui kama mti wa kitako umevimba kwa mvua ukasukuma kasiba. Haijui kama bunduki ilianguka na kichuma cha mbele cha kulengea kikasogea.

Kosa dogo hapo ni kosa kubwa mbele. Kama toka kichuma cha nyuma mpaka cha mbele ni sentimeta 50, na cha mbele kimesogea milimeta 1 tu, kwa meta 100 risasi itapotea sentimeta 20. Ulilenga bega la nguruwe, nawe umepiga tumbo.

Wengine huuliza habari ya hewa. Ni kweli, Lubumbashi iko juu kadiri ya meta 1.200, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani. Lakini kwa meta 100 jambo hilo ni dogo. Kichuma kilichosogea ndilo jambo kubwa.

FANYENI HIVI

1. Chagueni kichuguu kikubwa cha udongo kisicho na mawe. Nyuma yake pasiwe na njia, nyumba, wala watu wanaochimba. Wekeni mtu wa kuwazuia wapitaji.

2. Simamisheni ubao mbele ya kichuguu, na karatasi nyeupe yenye alama nyeusi katikati. Pimeni kwa kamba meta 25.

3. Pangusa mafuta katika kasiba, maana mafuta hupoteza risasi ya kwanza. Tia pamba masikioni. Laza mti wa bunduki juu ya mfuko wa mchanga. Kasiba yenyewe isiguse kitu.

4. Piga risasi 3, ukilenga alama ile ile. Toa risasi zote katika bunduki kabla mtu hajakwenda kwenye ubao.

5. Usihukumu kwa tundu moja. Tafuta katikati ya matundu 3. Yakitawanyika sana, angalia kwanza misumari ya kitako na mkono wako mwenyewe.

6. Yakikusanyika upande mmoja, fundi arekebishe. Kichuma cha mbele hufuata kosa: matundu yakiwa kushoto, kisukumwe kushoto, yakiwa chini, kipunguzwe kwa tupa. Apunguze kidogo kidogo, kwa maana chuma kilichoondolewa hakirudi.

7. Kisha rudia kwa meta 50 na kwa meta 100. Andika uliyoyaona. Hiyo ndiyo karatasi ya bunduki yako.

Jaribu tena ukibadili aina ya risasi, bunduki ikianguka, na masika yakiisha.

Mlinzi asipige mbali kuliko pale alipojaribu, wala asipige kitu asichokiona vema. Risasi iliyokosa nguruwe haifi katika mahindi. Yaweza kwenda kilometa nzima na zaidi. Huko mbele kuna wanawake wanaoteka maji, na vijana wanaotoka machimboni. Naye nguruwe aliyejeruhiwa tumbo huingia majanini, na mtu anayemfuata huenda akaraliwa na pembe zake.

Hesabuni sasa: risasi 9 ndani ya kichuguu, au risasi 1 ndani ya mtoto wa jirani. Ni zipi zilizo ghali?

Karatasi hukuambia jinsi risasi inavyokwenda. Ubao hukuambia bunduki yako inapiga wapi. Soma karatasi, lakini amini ubao.